Sakafu Iliyopinda ya Bi. Asteria

Kuna nchi moja ambayo ukiitafuta kwenye ramani utaikuta imechorwa kwa rula. Jina lake ni Usawa.

Ardhi ya Usawa ilikuwa na milima tangu enzi na enzi, mpaka ilipofika siku moja ya sherehe za uhuru. Siku hiyo Mheshimiwa Mkuu wa Nchi alipanda kwa miguu kwenda kwenye jukwaa lililojengwa juu ya kilima cha mashujaa, na alipofika mbele ya kipaza sauti, akahema. Alihema kwa muda mrefu. Taifa zima lilimsikia redioni, na katika vijiji vya mbali watu walidhani hiyo ndiyo hotuba, wakapiga makofi.

Kesho yake likatoka tangazo kwamba Usawa ni nchi tambarare. Hoja ya serikali ilikuwa nyepesi, na hakuna aliyeweza kuivunja: kama hakuna kilima, hakuna aliyepanda, na kama hakuna aliyepanda, hakuna aliyehema. Wataalamu wa lugha wakafungiwa hotelini wafanye kazi. Walipotoka, mlima ulikuwa unaitwa tambarare iliyosimama, na bonde tambarare iliyokaa. Ngazi zikawa sakafu zinazofuatana. Hata wastaafu, waliozoea kulipwa kiinua mgongo, sasa walilipwa kisawazisha mgongo, nacho kilikuwa kidogo zaidi, kwa sababu Wizara ilichunguza migongo ya watumishi na kuona haikuwa imeinama kiasi cha kutisha.

Kwa kisawazisha mgongo chake, Bi. Asteria Mbawala alinunua pikapu kuukuu yenye rangi ya maziwa yaliyolala. Alikuwa mkunga. Alikuwa amezalisha wanawake wa kata ya Tambarare Tano, ambayo zamani iliitwa Milima Mitano, mpaka nywele zake zikawa nyeupe, na alipostaafu aligundua kwamba wajawazito hawakupewa taarifa. Waliendelea kubisha hodi kwake kama kawaida. Zahanati ilikuwa na mkunga mpya, kijana mwenye vyeti vizuri, lakini hospitali yenye chumba cha upasuaji ilikuwa mjini, na gari la wagonjwa la kata lilikuwa limeazimwa na Mwenyekiti kubebea viti vya mikutano. Basi Bi. Asteria akatandika godoro nyuma ya pikapu, akafunga turubai juu yake, na wenye uchungu mgumu akawa anawapeleka mwenyewe.

Kuendesha hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kuegesha. Kiwanja chake kilianzia barabarani kikashuka, kikashuka, mpaka kwenye ukuta wa jiko la jirani yake, Mzee Habili. Kila aliporudi, mama huyu aliweka mawe mbele ya matairi, kisha akasimama kidogo akiyatazama, kama mtu anayemwacha mtoto mtundu peke yake.

Masika yalipoanza, udongo ulilainika, mawe yakateleza, na pikapu ikaondoka. Haikuwa na haraka. Ilipita katikati ya mihogo, ikaangusha kamba ya nguo, ikaingia jikoni kwa Mzee Habili ikiwa na shuka moja kwenye kioo cha mbele. Mzee Habili, aliyekuwa akimenya viazi, alitokea dirishani, na hakuna aliyewahi kuelewa dirisha lile dogo lilimpitishaje.

Mgambo wakaja kuandika taarifa.

"Gari lilishuka," alisema Mzee Habili, huku bado ameshika kiazi.

"Lilishuka kutoka wapi kwenda wapi?" aliuliza mgambo kwa upole. "Fikiri vizuri, mzee. Una wajukuu."

Mzee Habili akafikiri vizuri. Ikaandikwa kwamba gari na jiko vimekutana.

Lakini Bi. Asteria hakucheka. Mkwe wa Mzee Habili, Leokadia, ndiye aliyekuwa akipika jikoni humo siku zote, na siku ile alikuwa ametoka tu kuchota maji. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na ilikuwa imeshaonekana. Bi. Asteria aliutazama ukuta ulioanguka juu ya mafiga, mikono ikamtetemeka, yeye ambaye mikono yake haikuwahi kutetemeka hata palipokuwa na damu.

"Mzee Habili," alimwambia jirani yake, "nisamehe. Gari hili nitalijengea banda. Sitalala vizuri mpaka nilione limetulia."

Akamwita Fundi Yusto.

Fundi Yusto alikuwa mtu wa maneno mengi na mwenye kofia ya sufu hata juani. Alikizunguka kiwanja, akapanda, akashuka, akajifuta jasho.

"Mama, hapa dawa ni moja tu. Sakafu ya kuinua. Huku juu, barabarani, sakafu inalala chini, gari linaingia bila shida. Huku chini tunasimamisha nguzo za zege, ndefu, na ukuta wa nyuma tunaupa nondo za kutosha. Sakafu inakuwa sawa kabisa, mwanzo mpaka mwisho. Gari likisimama, limesimama. Hata ukilisukuma linakuuliza unataka nini."

"Basi anza."

"Naanzaje bila kibali? Wakinikuta nimesimamisha nguzo, mimi na nguzo tunalala ndani wote."

Kibali kilitolewa na Afisa Usawa wa Halmashauri, Bwana Tindwa, kijana mnene mwenye tai. Ofisi yake ilikuwa mahali ambapo zamani paliitwa mgongo wa mlima. Kiti chake kilifungwa kamba kwenye dirisha, na kalamu zake zilikaa ndani ya bakuli ili zisisafiri. Alimpokea Bi. Asteria kwa heshima zote, kwa maana hata yeye alizaliwa mikononi mwake.

"Shikamoo, mama. Karibu. Shikilia meza kidogo, utazoea."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kujenga banda la gari. Sakafu nataka kuiinua."

"Kuiinua juu ya nini?"

"Juu ya mteremko."

Bwana Tindwa aliinuka akafunga dirisha. Akaufunga na mlango. Akarudi akiwa ameshikilia ukuta.

"Mama, neno hilo humu ndani hatulitumii. Tena nakuomba, hata nyumbani usilitumie, watoto wanasikia. Sasa tuseme hivi: ardhi yako ni sawa, siyo?"

"Kama unavyosema."

"Na sakafu yako itakuwa sawa?"

"Ndiyo."

"Sasa kama ardhi ni sawa na sakafu ni sawa, nguzo za nini?"

Bi. Asteria alikuwa amekaa miaka mingi na wanawake wanaosukuma, akajua kwamba kuna wakati wa kubishana na wakati wa kumwacha mtu aongozwe na mwili wake. Akanyamaza. Bwana Tindwa mwenyewe akaanza kutoa jasho, akazunguka, akatafuta, mwisho uso wake ukachangamka.

"Za mapambo!" alisema. "Mama, wewe ni mtu mzima, umelitumikia taifa, huwezi kukosa kupenda mapambo. Nguzo za mapambo, upande wa kusini."

"Ni za mapambo," alikubali Bi. Asteria. "Napenda sana mapambo."

Kibali kikatoka, cha banda tambarare lenye mapambo. Sharti lilikuwa moja: kwa kuwa pambo lisilo na uzalendo ni anasa, kila nguzo ipakwe rangi za bendera.

Ujenzi ukaanza. Walichimba mashimo, wakasuka nondo, wakamwaga zege. Shida ilikuja siku ya kuweka usawa wa sakafu, Fundi Yusto alipotoa pimamaji yake, ile ya mti yenye kioo kidogo na kipovu ndani. Mgambo aliyekuwa akipita alisimama.

"Hicho kinafanya nini?"

"Kinapima kama mahali pako sawa," alisema Fundi Yusto, na papo hapo akatamani angekuwa bubu.

"Kwani una wasiwasi?"

Pimamaji ikachukuliwa kituoni kama kielelezo. Mkuu wa kituo aliiweka juu ya meza yake, kipovu kikakimbilia pembeni kikakaa huko. Akaigeuza, kipovu kikakimbilia upande ule ule. Akaitazama kwa muda mrefu, akaandika kwamba kipovu kina tabia ya uchochezi, akaifungia kwenye droo. Fundi Yusto alimalizia kazi kwa mpira wa maji, ambao maji yake husimama sawa kwenye ncha zote mbili, akiuvuta taratibu chini ya khanga ya Bi. Asteria, na wapita njia walidhani wawili wale wanatega panya.

Sakafu ikakauka. Banda likaezekwa bati. Bi. Asteria akaingiza pikapu, akazima injini, akashuka bila jiwe mkononi. Alisubiri. Pikapu haikwenda popote. Alikaa kwenye sakafu, akanyoosha miguu, na ndipo alipohisi kitu ambacho hakuwahi kukihisi tangu azaliwe Tambarare Tano. Mwili wake haukuwa unashikilia chochote. Kiuno kilichozoea kusimama upande kikalegea. Machozi yakamtoka, akajiambia ni harufu ya saruji.

Habari ikaenea. Wa kwanza kuja alikuwa Mzee Habili, akiwa na bakuli la uji uliojaa mpaka ukingoni. Aliliweka sakafuni akakaa kulitazama kama mtu anayetazama mpira.

"Haumwagiki," alisema.

"Haumwagiki," alisema Bi. Asteria.

Baada ya hapo walikuja wengi. Wanawake walileta vyungu, wakafurahi kuona mafuta yakienea chungu kizima badala ya kukimbilia upande mmoja. Watoto wachanga waliletwa kujifunza kutembea, wakatembea. Wazee waliomba kulala mchana kidogo, maana kwao walilala wamefungwa khanga kiunoni hadi kwenye nguzo ya kitanda. Leokadia, ambaye tumbo lake sasa lilikuwa kubwa, alikuja kila alasiri kulala chali kwenye mkeka, na alisema hapo tu ndipo mtoto alipoacha kumsukuma mbavu.

Ubaya ni kwamba mtu akisimama katika banda lile na kuangalia nje mlangoni, aliona. Aliona nyumba zote za kata zimeegemea upande mmoja kama walevi wanaotoka harusini. Aliona miti, barabara, ofisi ya chama. Hakuna aliyesema kitu. Lakini watu walianza kutoka mle wakitembea kwa mikono iliyotanuliwa, kwa uangalifu, na kutembea namna hiyo kulijulikana wazi kuwa ni maandamano.

Waziri wa Usawa wa Ardhi, Mheshimiwa Dokta Gamalieli Msambe, akaja mwenyewe.

Msafara uliandaliwa vizuri. Mgambo walitangulia kulisafisha banda, wakaisukuma pikapu nje ili isimzibie Mheshimiwa njia ya kukagua. Bi. Asteria alipokimbilia mawe, walimzuia. Kuweka jiwe kwenye tairi, walimweleza, ni dalili ya mashaka. Pikapu ikaondoka kwa mwendo wake wa zamani, ikapita kando ya banda, ikapotelea kwenye migomba. Mgambo waligeuza nyuso zao kwa adabu mpaka kishindo kikaisha.

Gari la Waziri lilikuwa refu, jeusi, linalong'aa. Lilifika likasimama barabarani, pua yake ikiutazama mlango wa banda. Halikuwa na breki ya mkono. Magari yote ya serikali yalikuwa yameng'olewa breki hizo kwa waraka, kwa kuwa nchi tambarare haizihitaji. Dereva alibaki ndani, mguu wake umekanyaga breki, uso wake ukiwa wa mtu anayejizuia kupiga chafya kanisani.

Waziri aliingia bandani akatembea hatua chache, akayumba. Miguu yake ilizoea nchi.

"Mnaona?" aliwageukia waandishi wa habari. "Nimeyumba. Je, nimewahi kuyumba mahali pengine popote katika jamhuri hii? Ndugu wananchi, nchi yetu ni sawa. Hilo halina mjadala. Sakafu hii hailingani na nchi. Kwa hiyo kilichopinda ni sakafu!"

Makofi yakapigwa. Bwana Tindwa, aliyekuwa ameshikilia mlango, alipiga makofi kwa mkono mmoja kwenye paja.

"Naagiza," aliendelea Waziri, "sakafu hii ivunjwe leo hii, kisha ijengwe upya ilingane na ardhi ya—"

Hapo Leokadia akapiga yowe.

Alikuwa amesimama kwenye umati, pamoja na baba mkwe wake. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka. Bi. Asteria alipita katikati ya watu waliokuwa mbele yake, akamshika tumbo, akapapasa, na wale waliomjua waliona midomo yake ikibana. Mtoto alikuwa amekaa matako chini.

"Huyu ni wa hospitali," alisema. "Gari langu limo migombani. Mheshimiwa, naomba gari."

Waziri alitaka kukunja uso, lakini kamera zilikuwa zinamtazama, akatabasamu. "Serikali yenu inawajali. Mpakieni!"

Leokadia hakuweza kutembea. Bi. Asteria aliingia kiti cha nyuma kumpokea, Mzee Habili akashika mabega, na mtu wa kushika miguu akakosekana. Dereva alikuwa kijana mwenye huruma. Mkewe alikuwa amejifungua mwezi uliopita. Akasahau. Akatoa mguu, akashuka, akakimbilia kusaidia. Leokadia akaingia. Mlango ukafungwa. Na gari likaanza kwenda.

Likaenda polepole, bila sauti. Kila mtu aliliona. Mgambo waliliona, waandishi waliliona, Bwana Tindwa aliliona akafumba macho. Chini, nyuma ya banda, palikuwa na jiko jipya la Mzee Habili, na baada ya jiko palikuwa na tambarare iliyokaa, ndefu sana.

"Mheshimiwa," alinong'ona dereva, "gari linasogea."

"Halisogei," alisema Waziri, midomo yake mikavu. "Kama linasogea, linasogelea wapi? Nchi ni tambarare."

"Linateremka!" Sauti ya Bi. Asteria ilitoka dirishani, kubwa, ile aliyokuwa akiitumia kuwafukuza waume wodini. "Jamani, linateremka! Ondokeni mlangoni! Acheni liingie!"

Hakuna aliyekuwa amelisikia neno lile hadharani kwa miaka. Watu waliganda. Kisha Mzee Habili, mwenye wajukuu wa kuwafikiria na mmoja akiwa ndani ya gari lile, alimsukuma mgambo wa kwanza kando kwa kichwa. "Linateremka!" alipayuka. "Linateremka, nyie, sogeeni!" Umati mzima ukapokea, ukafungua njia, na Waziri wa Usawa wa Ardhi akaruka pembeni kwa wepesi ambao haukuwa wa kiserikali.

Gari likaingia bandani. Lilipogusa sakafu, kitu kikabadilika. Kasi ikapungua, kama farasi aliyetambua nyumbani. Likaendelea, likaendelea, likaugusa ukuta wa nyuma kwa pua. Ukuta ukalia, tofali moja likaanguka nje. Gari likasimama.

Halikurudi nyuma, wala halikwenda mbele. Kisha ikasikika sauti ya Bi. Asteria kutoka ndani: "Maji ya moto. Na wanaume wote nje, pamoja na huyo Waziri. Huyu hafiki mjini."

Ilikuwa kazi ngumu. Walimtoa Leokadia wakamlaza kwenye mkeka, mahali pake pa kila alasiri. Bi. Asteria alipiga magoti, na magoti yake hayakuteleza. Alitumia mikono yote miwili kwa mtoto, bila mmoja kushikilia kitanda. Matako yakatoka, mgongo ukafuata, mkono mmoja, wa pili. Kichwa kikakwama. Mikono yake haikutetemeka. Nje watu walisikia kimya kilichowachosha kuliko yowe, kisha kofi dogo, kisha mtoto wa kiume akilalamika kwa hasira zote. Mzee Habili alikaa chini barabarani akalia wazi, bila kusingizia kitu.

Serikali haikukaa kimya. Tume iliundwa. Ilithibitisha kwamba gari la Waziri lilikuwa limesimama katika nchi tambarare, na gari lililosimama katika nchi tambarare haliwezi kwenda popote. Lakini ilithibitisha pia kwamba gari lilikutwa ndani ya banda, na pua imebonyea. Tume ikajifungia, ikala, ikatoka na jibu pekee lililowezekana: banda ndilo lililokwenda. Banda la Bi. Asteria liliacha mahali pake, likaifuata barabara kwa mwendo usiojulikana, na kuligonga gari la serikali.

Bi. Asteria akashtakiwa kwa kuendesha banda bila leseni.

Hakimu alimtoza faini ndogo na kuamuru chombo kisajiliwe. Fundi Yusto alifunga namba mbele na nyuma, na taa mbili nyekundu upande wa nguzo. Bwana Tindwa alipokuja na amri ya Waziri ya kuvunja sakafu, aliisoma, akaisoma tena, kisha akashusha pumzi kama mtu aliyeondolewa mzigo.

"Mama, amri hii inahusu majengo," alisema. "Hiki ni chombo cha usafiri. Mimi sina mamlaka nacho. Vyombo vya usafiri vinaruhusiwa kuwa na sakafu ya kuinuliwa."

Tangu hapo askari wa usalama barabarani akawa anafika kukagua. Alikuwa mtu mrefu, mkali, mwenye filimbi. Mara ya kwanza alilizunguka banda, akaandika kwamba limeegeshwa vizuri, akatoa onyo kuhusu mwendo kasi. Mara ya pili aliingia ndani, akasimama katikati ya sakafu, na hakutoka haraka. Bi. Asteria alikuwa akifua, akamtazama pembeni tu. Mwanamume yule alivua kofia. Akavua buti. Akaweka miguu mitupu kwenye saruji, akafumba macho, na mabega yake yakashuka.

"Mama," alisema bila kufumbua macho, "mke wangu ana miezi minane. Kwetu kitanda tumekifunga ukutani kwa mnyororo."

Bi. Asteria alikamua shuka, akalitundika.

"Mlete," alisema.